Hesabu Pumzi, Kisha Sema Unachofikiri

Fungua chati za wodi yoyote yenye wagonjwa wengi na wauguzi wachache, uangalie safu ya upumuaji. Mara nyingi utakuta 20. Mzee aliyevunjika nyonga, 20. Mtoto mwenye nimonia, 20. Mama aliyedungwa magineziamu salfeti kwa sababu ya kifafa cha mimba, 20, tena zamu tatu mfululizo. Joto limepimwa kwa kipimajoto, presha kwa mashine, mapigo yamesomwa kwenye kioo cha oksimita. Upumuaji ndio pekee uliohitaji mtu asimame kando ya kitanda dakika nzima, macho yakiwa kifuani kwa mgonjwa, na dakika hiyo haikupatikana.

Naanza na namba hii kwa sababu karibu kila ninachotaka kuwaambia wauguzi vijana wa Mbeya, Iringa na wilaya jirani kinaanzia hapo. Malalamiko ya vijana wengi ni yale yale: sijiamini. Na jibu wanalopewa ni lile lile: jiamini tu, utazoea. Hilo ni jibu baya. Muuguzi anayejiamini bila sababu ni hatari kuliko mwoga, maana mwoga angalau ataita mtu. Kujiamini kunakofaa wodini kunahitaji mahali pa kuegemea: umeona nini, unadhani kina maana gani, na utajuaje kama umekosea. Aliyehesabu pumzi 34 kwa dakika nzima ana kitu mkononi. Aliyeandika 20 kwa mazoea hana, naye anajua hana, ndiyo maana sauti inamtetemeka anapompigia daktari.

Pumzi zinastahili dakika hiyo nzima kwa sababu hubadilika mapema. Mwili unapoanza kuzidiwa, iwe kwa maambukizi kwenye damu, kwa kupoteza damu au kwa mapafu kujaa, upumuaji hupanda saa kadhaa kabla presha haijaanguka. Kwa watoto mipaka inajulikana na inafaa ikae kichwani kama jina lako: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Mtoto mwenye kikohozi aliyefikia au kuvuka mipaka hiyo ana nimonia mpaka ithibitike vinginevyo. Na kama kweli hukuhesabu, acha nafasi wazi kwenye chati. Nafasi iliyo wazi humwambia wa zamu inayofuata kwamba kazi haijafanyika. Namba ya kubuni humwambia kwamba mgonjwa yuko salama.

Najua utaniambia muda hakuna. Zamu ya usiku mko wawili, pengine uko peke yako, na vitanda vimejaa. Basi usijaribu kuwahesabu wote sawasawa. Chagua. Waliojifungua ndani ya saa mbili, waliotoka chumba cha upasuaji jioni, walio kwenye magineziamu, mtoto aliyelazwa leo, na yule ambaye ndugu yake amekuambia mara mbili kwamba "leo si yeye". Huyo wa mwisho vijana humpuuza. Bibi aliyeshuka kutoka Kilolo akakaa na mjukuu wake kwa siku tatu anaujua uso wa yule mtoto kuliko wewe. Akisema mtoto amebadilika, umepewa kipimo cha bure. Kama Kiswahili chake hakitoshi, tafuta anayejua Kihehe au Kinyakyusa, kwa sababu dalili nyingi hupotea kwenye tafsiri ya haraka ya "anaumwa mwili mzima".

Tuje darasani. Siwaungi mkono wanaosema chuo ni nadharia tu na kazi yenyewe hujifunzwa wodini. Wodini utajifunza mkono, na ni kweli hakuna kitabu kitakachokufundisha kumpata mshipa mtoto aliyekaukiwa maji. Lakini sababu za mambo utazipata kwa kusoma, na bila sababu hizo kila kanuni hugeuka amri ya kukariri, na ikitokea hali ambayo amri haikuitaja unabaki umesimama. Chukua hiyo hiyo magineziamu. Kila mwanafunzi anaweza kutaja dozi ya kuanzia: gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako. Anaweza pia kutaja masharti kabla ya dozi inayofuata: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mguu urushe goti likigongwa, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Muulize sasa kwa nini mkojo. Wengi hunyamaza. Dawa hii hutolewa mwilini na figo. Mkojo ukikatika, dawa inabaki na kujilimbikiza. Ikizidi, goti ndilo huacha kujibu kwanza, pumzi hufuata baadaye. Anayeelewa mfuatano huo hahitaji kuambiwa kwamba mfuko wa mkojo uliokauka tangu saa nne usiku ni sababu ya kusimamisha sindano ya saa nane na kuiweka karibu kalisiamu glukoneti. Anaiona mwenyewe, na anaisema kwa uhakika kwa sababu anaijua njia iliyomfikisha hapo.

Kwa hiyo, uwapo chuoni, iwe Tosamaganga, Ilula au Mbeya, kila unapopewa kanuni uliza ilitoka wapi. Ukifika kwenye mafunzo kwa vitendo, jitenge na kundi. Hospitali za rufaa zina wanafunzi wengi kuliko vitanda, na ni rahisi kumaliza wiki umezunguka na raundi, umejaza kitabu cha vitendo, umepata sahihi zote, na hakuna mgonjwa hata mmoja unayeweza kumwelezea tangu alipoingia. Omba mgonjwa mmoja. Kaa naye zamu nzima. Mwogeshe, mgeuze, mlishe, soma faili lake hadi ukurasa wa kwanza. Mwanafunzi aliyemjua mgonjwa mmoja vizuri hupata kitu cha kulinganishia wengine wote watakaofuata.

Hapo tunaingia kwenye uzoefu, neno linalotumika vibaya sana kazini. Patricia Benner, muuguzi na mwalimu wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1984 alieleza ngazi tano za muuguzi, kutoka mgeni wa kazi hadi bingwa. Watu hukumbuka ngazi na kusahau jambo lililo la maana zaidi: kwa Benner, uzoefu si kupita kwa miaka. Uzoefu hutokea pale ulichokitarajia kinapokutana na kilichotokea, ukalazimika kurekebisha ulichokuwa unaamini. Dereva wa lori aliyepita Kitonga mara mia akiwa amelala kiti cha pembeni hajui mlima kuliko taniboi anayeteremka kuangalia breki. Ndivyo ilivyo kwa aliyekaa wodini miaka 15 bila kubahatisha lolote.

Ushauri wangu wa pili, baada ya ule wa kuhesabu pumzi, na pengine ndio mkubwa: bahatisha kwa maandishi. Nunua daftari dogo. Kila zamu chagua wagonjwa wawili au watatu na, kabla daktari hajafika, andika unachofikiri. Usiandike majina, daftari likipotea lisije likamfichua mtu. Kitanda na umri vinatosha. "Kitanda cha 7, miaka 60, nimonia siku ya pili. Natarajia joto lishuke asubuhi. Pumzi zikibaki juu ya 30, nadhani dawa haifanyi kazi au kuna maji kwenye mapafu." Kesho yake rudi uone. Ukipatia, jiulize ulipatia kwa sababu sahihi au kwa bahati. Ukikosa, tafuta kilichokuwa mbele ya macho yako ukakiruka. Baada ya miezi mitatu utaanza kuona aina ya makosa yako. Wapo wanaochelewa kushtuka kwa sababu mgonjwa ni kijana na anaongea vizuri. Wapo wanaoona malaria kila mahali.

Na hilo la malaria linahusu hasa ukanda wetu. Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa, kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, kuna joto na mbu wa kutosha. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na Makete ni juu zaidi. Muuguzi aliyelelewa kikazi Kyela akihamishiwa Makete anabeba kichwani homa za ziwani, na kwa miezi ya kwanza uamuzi wake utakuwa unajibu maswali ya Kyela. Hilo halimfanyi mjinga. Inabidi tu ajifunze upya kipi ni cha kawaida mahali alipo, na aongeze swali moja kwa kila mwenye homa: wiki mbili tatu zilizopita ulikuwa wapi? Anayeshuka Mbarali kwenye mpunga au Kyela kwenye kakao na kurudi mlimani hubeba malaria hadi pasipo na malaria nyingi.

Milima nayo ina ugonjwa wake wa kimya, baridi ya watoto wachanga. Mwezi wa sita na wa saba Mufindi, Makete na Rungwe, mtoto aliyezaliwa mzima saa nane usiku anaweza kuwa ameshuka chini ya nyuzi 36.5 kabla hujamaliza kuandika faili. Kabla hata ya kipimajoto, mguse. Miguu ya baridi na tumbo la moto, mwili umeanza kupambana na baridi. Miguu na tumbo vyote baridi, umechelewa. Mwache kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani. Kuvaa koti mwenyewe ukiwa ndani ya chumba cha kujifungulia ni dalili tosha kwamba chumba hakimfai mtoto aliyelowa. Mkono unaojua tofauti hiyo haujifunzwi mjini Dar es Salaam mwezi wa pili.

Kuna fani moja ambayo ukanda huu una walimu wengi kuliko inavyodhaniwa. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Wauguzi wa kliniki za tiba na matunzo wa mikoa hii wamezeeka kwenye kazi hiyo. Wanamwona mtu akiingia mlangoni na kusema huyu akapimwe kifua kikuu leo, na mara nyingi huwa sahihi. Ukipata nafasi ya kukaa nao wiki mbili, nenda. Kila wanaposema "huyu simpendi anavyoonekana", usikubali liishie hapo. Waulize: umeona nini? Mwanzoni watacheka. Wabane. Watakuambia suruali imefungwa kwa kamba, kadi ya dawa ina tarehe zilizorukwa, kikohozi kinakatisha sentensi. Macho ya mkongwe yanaweza kurithiwa, ila mpaka mtu ayaulize.

Jambo la rufaa linaniuma. Zahanati inamtuma mama hospitali ya Chimala au ile ya wilaya iliyoko Rujewa, wilaya inamtuma Mbeya, anapokelewa kitengo cha Wazazi Meta, na aliyemtuma hasikii tena habari zake. Siku hizi mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, umerahisisha usafiri kwa kupiga 115, na ni jambo la kushukuru. Lakini gari likishaondoka, somo linaondoka nalo. Muuguzi wa zahanati aliyeandika "uchungu pingamizi" hajui kama alipatia. Rufaa ishirini bila jibu hazimwongezei kitu. Kesho yake piga simu. Jitambulishe na kituo chako, uliza kwa aliye zamu: mama yule mliyempokea jana saa kumi, mlikuta nini, na tungemleta saa ngapi? Mnaopokea, msijibu kwa kebehi. "Mmetuletea maiti" ni sentensi inayofanya rufaa ijayo icheleweshwe zaidi, kwa sababu mtu atasubiri awe na hakika kwanza.

Sasa kumwita daktari usiku. Sikiliza simu ya kawaida: "Dokta, samahani kukusumbua, huyu mama haeleweki eleweki, sijui utakuja kumwona?" Daktari aliyetoka usingizini anasikia samahani, anasikia haeleweki, anasema mwangalie mpaka asubuhi. Linganisha na hii: "Dokta, ni sista wa zamu, wodi ya wazazi. Mama wa miaka 22, uzao wa kwanza, amejifungua saa tano. Mapigo yalikuwa 88, sasa ni 124, presha 100 kwa 60. Kondo limetoka lote, ila kizazi kinalegea kila nikiacha kukikanda. Nadhani anavuja damu kwa sababu ya kizazi kulegea. Oksitosini nimeshampa, kibofu nimekitoa mkojo, dripu inakwenda. Naomba uje sasa. Kama huwezi kufika ndani ya dakika kumi, niambie nimwite nani."

Hali, historia, unachofikiri, unachoomba. Mpangilio huo una asili yake jeshi la majini la Marekani, ukaingia hospitalini kwa sababu wauguzi na madaktari kila nchi hushindwa kuelewana kwa simu. Kipande ambacho wauguzi wetu hukiruka ni cha tatu. Wanatoa namba kisha wananyamaza, kana kwamba kufikiri ni kazi ya mwenye koti. Sema unachofikiri. Ukikosea utasahihishwa na utakuwa umejifunza, na ukipatia umeokoa dakika. Angalia pia jinsi mapigo yanavyopita namba ya juu ya presha katika mfano huo. Mama kijana hushikilia presha yake hadi amepoteza damu nyingi, kwa hiyo mapigo yakiizidi namba ile ya juu, usisubiri presha ikuambie.

Nao mfano huo si wa kubuni kiholela. Kutokwa damu baada ya kujifungua ni kati ya sababu za vifo vinavyozuilika tatizo likionwa mapema. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania: palipotumika mfuko wa plastiki wenye vipimo kukinga damu, na matibabu yote yakaanza kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine, madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Jicho la mkunga, hata mzoefu, hukisia damu pungufu ya ilivyo. Uamuzi mzuri ni pamoja na kujua wapi jicho lako haliaminiki na kulisaidia kwa chombo.

Kuna kikwazo kingine ambacho vitabu vya nje havikitaji. Afisa muuguzi wa miaka 25, ana shahada, anapangwa zamu moja na mama aliyeanza kazi kabla yeye hajazaliwa. Anamwamkia shikamoo asubuhi, kisha saa sita mchana anaona dozi ya yule mama si sahihi. Heshima inamziba mdomo. Upande wa pili, yule mama anaona kijana anakosea kumgeuza mgonjwa, naye ananyamaza kwa sababu "hao ndio wasomi". Mgonjwa analala katikati ya adabu mbili. Dawa yake ni maneno yaliyoandaliwa kabla. "Mama, naomba tuihesabu hii dozi pamoja, nisije nikajifunza vibaya." Hakuna mzazi atakayekataa hilo. Na mama akiwa muungwana atasema, "Mwanangu, njoo nikuoneshe mkono, hapa utaumia mgongo." Mficha uchi hazai, na wodini anayeficha asichokijua hufichiwa na wenzake pia.

Mazoezi yafanyike vipi? Hapa Tanzania tuna jibu letu wenyewe, kutoka hospitali ya Haydom mkoani Manyara. Wakunga wa pale walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua, ndani ya dakika ile ya kwanza ya uhai. Kwenye mwanasesere walifanya vizuri zaidi. Kwenye chumba cha kujifungulia, karibu hakuna kilichobadilika. Baadaye wakaanza utaratibu mwingine: mazoezi ya dakika chache kila wiki, pale pale kazini, na marudio marefu kidogo kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mwanasesere alikuwa yule yule.

Kwa hiyo msisubiri semina ya hotelini mjini Iringa yenye posho. Semina itakupa cheti na pointi za kuhuisha leseni, vyote vina kazi yake, lakini mkono utasahau. Weka mfuko wa ambu na mwanasesere kwenye meza ya chumba cha kujifungulia, si kabatini chini ya ufunguo wa mtu aliye likizo. Kila anayeingia zamu abane mara kadhaa, aangalie kifua kinapanda au hakipandi, aendelee na kazi.

Metroni na wafawidhi, yaliyobaki ni yenu. Ripoti ya asubuhi mkiigeuza mahakama, mtaletewa ripoti safi na wagonjwa wabaya. Muulizeni wa usiku, "Nani alikutia wasiwasi, na uliona nini?" Aliyemwamsha daktari saa tisa akakutwa mgonjwa ni mzima, ashukuriwe mbele ya wenzake. Akikebehiwa, usiku ujao wote watasubiri asubuhi. Na kwenye ratiba, muuguzi aliye katika mwezi wake wa kwanza kazini asiachwe usiku peke yake. Kama upungufu wa watumishi hauruhusu, na katika vituo vingi vya afya vya vijijini hauruhusu, basi achaguliwe mzoefu mmoja wa kupigiwa simu na kijana huyo, hata kama yuko kituo kingine cha wilaya. Jina na namba yake viandikwe kwenye ratiba kando ya jina la kijana, alipwe vocha, na metroni ampigie mwenyewe usiku mmoja kuhakikisha simu inapokelewa.